Misumari ya Dirisha Lako

Mwanangu Rukia,

Salamu nakupa kwa mdomo kila asubuhi, na leo umenibusu mkono kabla hata sijamaliza kufunga kikoi, kwa hiyo hapa naziruka. Niko karakanani nyuma ya nyumba, alasiri imeshaswaliwa. Wewe na mamako mko ndani mnakunja nguo, na nakusikieni mkibishana juu ya lile sweta la kijani. Kesho asubuhi wasafiri kwenda Kinangop kufundisha. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezitia motoni nikapashia gundi.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Mamako ameshakwambia yote, tena mara mbili, na mafuta ya nazi ameyafunga kwa nailoni tatu kana kwamba huko bara watu hawajapakwa mafuta tangu wazaliwe. Mambo ya heshima unayajua. Mimi lililonikaa moyoni ni dirisha tu. Najua utacheka. Wazazi wengine huwaandikia watoto wao maneno mazito, na babako akuandikia dirisha.

Wakumbuka siku ilipokuja barua ya mwalimu mkuu wako mpya. Ulitusomea tukiwa tunakula. Akasema nyumba ya mwalimu ipo, ya mawe, ila ni ya zamani na madirisha yake yapitisha upepo, kwa hiyo uje na nguo nzito. Ukaikunja barua, ukaniangalia kwa lile jicho lako la kunichokoza.

"Baba, fundi si wewe? Hebu niambie, dirisha la kupitisha baridi huzibwaje bila gharama? Na chumba kisigeuke ghala la nazi, tafadhali. Mimi nataka kikae vizuri."

Nikasimama. Nikasema naenda kuswali adhuhuri. Adhuhuri nilikuwa nimeshaiswali, na wewe ulijua, maana uliniona nikirudi msikitini. Ukacheka mpaka ukapaliwa na wali: "Baba, leo adhuhuri ngapi?" Mamako hakucheka. Tangu siku hiyo hujaniuliza tena, nami sijakujibu, na sasa zimebaki saa chache.

Basi jibu ni hili. Ukifika usizibe kitu chochote kwanza. Subiri siku yenye upepo, washa kaa moja ukatie ubani, upitishe kichetezo polepole pembezoni mwa dirisha lote. Moshi utakuonyesha. Pale unapopinda ndipo upepo unapoingilia, na pale unapopanda wima pako salama. Tia alama kwa chaki, chaki hutakosa. Utakuta tundu si nyingi kama ulivyodhani. Mara nyingi upepo hauji kwenye kioo, waja pale fremu inapokutana na ukuta, na chini kabisa, kizingitini, ambapo maji ya mvua yamekula mbao.

Ufa wa ukutani uujaze kwa gazeti. Lichane vipande, uliloweke katika uji mzito wa unga wa ngano, kisha ulisukumie ndani kwa ncha ya kisu mpaka likatae. Likikauka lipake chokaa ile ile ya ukuta. Akija mgeni hataona kitu, ataona ukuta. Pale dirisha linapofungia kwenye fremu, kata mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa kidole chako kidogo, uupigilie kwa ndani ambako dirisha likifungwa laufunika. Ukiuacha ukachungulia nje kama ulimi, hapo utakuwa umeharibu sura ya chumba na utanilaumu mimi. Mpira nimeshakukatia, umo katika mkebe wa maziwa ya unga chini ya vitabu vyako. Misumari midogo imo humo humo.

Nilipofika hapa katika karatasi ya kwanza nikakwama, kwa sababu nakujua. Utasoma halafu utauliza: baba huyu ameyajuaje haya? Fundi wa Malindi kazi yake ni kuuingiza upepo ndani. Maisha yangu yote watu wananilipa niwatengenezee madirisha ya kuvuta hewa, na mtu akinijia kuniambia chumba chake hakina joto nitadhani ana homa. Nani alinifundisha kuziba?

Nilijifundisha Molo. Nawe ulikuwepo.

Najua tulikwambia ulizaliwa hapa, na kweli ulizaliwa hapa. Hatukukwambia kwamba ulipokuwa na miezi mitano tulikwenda bara, mimi na mamako na wewe mgongoni mwake. Mkandarasi mmoja wa Mombasa alikuwa amepata kazi ya kujenga nyumba za walimu, akataka fundi wa pwani mwenye mkono wa nakshi. Nilikuwa kijana na nilijiona sana. Nikabeba mbao zangu mwenyewe, mvule uliokaa uani kwetu miaka miwili, kwa sababu sikuziamini mbao za huko.

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza, maana hata leo likinijia, uso wanipata joto. Hapa kwetu, dirisha ukilitengeneza lazima uliachie nafasi. Hewa ya bahari hulowesha mbao, mvua za masika zikija mbao huvimba, na dirisha ulilolikaza sana halifunguki tena. Kwa hiyo mkono wa fundi wa pwani huacha upenyo wenyewe bila hata kufikiri. Nami nikaacha. Juu ya kila dirisha nikachonga maua sita yaliyotoboka ya kupitishia hewa, kama nilivyofundishwa. Yalipendeza, wallahi. Mkandarasi akatupa nyumba ya kwanza tukae, akawa analeta watu kuwaonyesha: tazameni kazi ya mtu wa Malindi.

Lakini Molo mbao hazivimbi. Kule hewa ni kavu na mbao zangu zilikuwa zimekunywa bahari miaka miwili. Zikaanza kukauka na kunywea. Ule upenyo wa unene wa senti ukawa wa kupitisha kidole, na mimi kila nikipita nafurahia maua. Upepo wa kule si huu wetu wa kukausha jasho. Ulikuwa ukiingia mpaka nguo za mtoto kambani, humo humo ndani ya nyumba, zinatikisika.

Mamako akasema, "Baba Rukia, lizibe hilo dirisha. Mtoto yuakohoa."

"Nilizibe kwa nini?"

"Kwa gunia. Lipo lile la makaa."

"Gunia! Watu waje kuangalia kazi yangu waone gunia? Mfunike mtoto blanketi."

"Blanketi analo. Nakwambia ziba."

Sikuziba. Siku nne mwanamke ananiambia kitu kimoja, na mimi nawaza sura ya chumba. Siku ya tano ukawa hukohoi tena, unapumua tu kwa kelele, na mbavu zako naziona zikiingia ndani. Ulilazwa hospitali wiki mbili. Mamako alikaa kwenye benchi, hakuniambia hata neno moja la kunilaumu, na afadhali angenitukana.

Rukia, nilitaka niishie hapo. Katika karatasi ya pili niliishia hapo kweli, nikaona nimeungama vya kutosha. Kisha nikajua kwamba nusu niliyoificha ndiyo mbaya zaidi.

Uliporudi kutoka hospitali niliziba. Hapo sikujali tena sura ya kitu. Nikaziba kwa gunia, kwa udongo, kwa magazeti, nikaziba maua yote sita, nikaziba mpaka tundu la ufunguo kwa nta ya mshumaa. Nikanyoosha mkono kila mahali, sikusikia hata pumzi ya upepo, nikafurahi sana. Kisha nikaingiza jiko la makaa ndani ili chumba kipate moto, nikaenda kazini.

Nilirudi alasiri kwa sababu ya mvua. Nikabisha, kimya. Nikaita, kimya. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nikazunguka nikalipiga dirisha kwa nyundo, dirisha langu mwenyewe na maua yake, nikalipiga mpaka likaingia ndani na fremu. Mamako alikuwa amelala kifudifudi karibu na kitanda, na wewe ukiwa chini ya mkono wake. Nikawatoa nje, mvuani. Mamako akatapika. Wewe ulikaa kitambo, kitambo ambacho sikijui urefu wake mpaka leo, kisha ukalia. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile, na sijapata kuogopa kama nilivyoogopa baadaye, nilipokwisha kuisikia. Moshi haukuwepo chumbani hata kidogo. Makaa yakiwaka katika chumba kisicho na tundu hula hewa kimyakimya, na mimi nilikuwa sijui. Nani angejua? Kwetu jiko liko uani.

Mamako alisema neno moja tu: "Turudi Malindi." Tukarudi.

Kwa hiyo dirisha lako la Kinangop, hata ukiliziba vizuri namna gani, liachie tundu moja juu, mbali na kitanda, la kuingia vidole viwili. Na jiko usiliingize ndani ukalala nalo, hata walimu wenzako wote wafanye hivyo, hata wakucheke. Kwa hili sikubembelezi, nakuamuru.

Na sasa kuhusu kifua chako. Tumekwambia siku zote kwamba umerithi kwa nyanyako. Nyanyako alikuwa na kifua cha kumwita mtu sokoni akaitika bandarini. Hajapata kukohoa mpaka anakufa. Tulimsingizia maiti kwa sababu hawezi kujibu. Ule mluzi unaokubana kila kusi likivuma, mimi naamini ulitoka Molo, kwenye upenyo wangu au kwenye makaa yangu, sijui kipi. Daktari hakusema hivyo. Daktari mmoja alisema ni pumu tu, mwingine akasema vumbi. Mimi ndiye nisemaye, na pengine nakosea.

Ulipokuwa hujatimiza miaka miwili, kusi likaanza, kifua chako kikalia. Nikachukua misumari minne ya inchi tatu nikalipigilia dirisha la chumba chako.

Ndiyo. Si kwamba limekwama. Wakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza?

"Baba, mbona dirisha langu halifunguki?"

"Mbao imevimba."

"Basi si ulirande?"

"Nitaliranda."

Nimeranda madirisha ya mji mzima. Majirani wakanitania, nyumba ya fundi ina dirisha bovu, nami nikacheka nao. Mji wote walala madirisha wazi, na binti yangu kila Januari jasho lamtoka kama yuko tanuruni, anatoa mkeka kwenda kulala ukumbini. Miaka yote hiyo nilidhani nakukinga. Juzi nilipokuwa nakukatia ule mpira, nikawaza: je, kama ni lile joto lililokuwa likikubana? Kama ni mimi niliyekunyima hewa mara ya pili, safari hii polepole? Sijui, mwanangu. Nimelizungusha kichwani mpaka nikajikata kidole kwa patasi, na wewe ukanifunga kitambaa ukanigombeza kwa uzembe.

Sasa wapelekwa kwenye baridi kali kuliko ya Molo, na kifua hicho hicho. Umefurahi. Kila siku waipiga pasi ile sketi ya kijivu ambayo haina hata kunyanzi. Mimi nikiandika haya siwezi kujua kama nakwambia kwa sababu ni haki yako, au nakwambia ili uogope ubaki. Nimejiuliza kwa unyoofu wote. Saa nyingine naona ni haki. Saa nyingine najisikia nimeshika nyundo tena.

Mamako amekuja hapa punde, na leso mbili begani. Akatazama karatasi.

"Wamwandikia?"

"Namwandikia."

"Molo?"

Nikaiweka kalamu chini. Akaketi kwenye lile gogo ninalopasulia mbao, akavuta pumzi.

"Umemwandikia nani aliukomea mlango?"

"Mlango gani?"

"Mlango, Baba Rukia. Ulipokwenda kazini uliuacha wazi kidogo, ukaniambia usiufunge sana. Nikaona baridi yaingia. Nikaufunga nikaukomea."

Nikamwambia sikusema maneno hayo. Sikumbuki kuyasema, Rukia. Nilijua nimeziba kila kitu. Yeye akashikilia kwamba nilisema, na kwamba amelala na neno hilo miaka yote akidhani najua na nimemsitiri. Nami nilidhani yeye ndiye aliyekuwa akinisitiri mimi. Tukatazamana kama wageni. Kisha akaanza kulia, nami nikaanza, wazee wawili kwenye takataka za randa, na wewe ndani waita, "Mama, soksi ziko wapi?"

Kwa hiyo hata kosa lenyewe sasa silijui ni la nani. Nilikuwa nikilijua vizuri mpaka leo alasiri.

Leso zile alizileta kwa kazi, moja akiwa ameshaishona mfuko. Ile dawa ya kizingiti sikuwa nimekueleza. Ni mfuko mwembamba, urefu wa dirisha, unene wa kiganja, unaulaza kizingitini pale ufa ulipo mkubwa. Watu huko hukunja magunia au makoti mabovu, na ndipo chumba kinapopata sura ya ghala uliyoikataa. Mimi nimejaza sufi, ile tuliyookota chini ya msufi wa nyuma ya shule ukichukia inavyokuingia puani, na mamako ameshona kwa leso yake ile nyekundu ya maua, aliyojifunga siku tulipotoka Molo. Maandishi ameyakata. Nilipomuuliza kwa nini, akasema hataki wageni wa mtoto wake wakae wakisoma dirisha. Leso ya pili ni ya pazia. Ishushe mpaka chini ya kizingiti, usiikate fupi, na juu iache ikae mbali kidogo na lile tundu nililokuamuru uliache. Ukivipanga hivyo viwili, mgeni ataona maua mekundu tu, na wewe peke yako utajua kwamba chumba kimezibwa.

Nilikusudia kuificha barua hii chini ya mkebe uikute ukishafika. Mamako amekataa. "Akiisoma huko atakuwa peke yake, na hana wa kumuuliza. Mpe leo, ana nafasi ya kusema hapana." Kwa hiyo nakupa leo, kabla ya magharibi. Isome. Ukiamua huendi, mimi mwenyewe nitamwandikia mwalimu mkuu, na hakuna mtu atakayekuuliza neno katika nyumba hii. Ukiamua kwenda, mkoba mkubwa ni wangu kubeba, usije ukaniletea ubishi wa mgongo wangu. Ukitaka kunikasirikia kwanza, nitakuwa barazani, sitakwenda kuswali adhuhuri.

Utataka kujua nakuombea lipi. Nimejaribu baada ya swala. Nikainua mikono nikasema, "Ya Rabi, Rukia," nikakaa hapo na jina lako, sikupata la kuongezea.

Zile kelele ulizozisikia mchana, ukaniuliza kwa ndani, "Baba, wavunja nini?" nami nikasema sivunji kitu, nilikuwa chumbani mwako na koleo. Misumari imeshika kutu, mitatu imetoka mizima, wa nne umekatika na nusu yake imebaki ndani ya mbao, hiyo nimeshindwa. Kisha nikalichukua dirisha nikaliranda, kama nilivyokuahidi. Liko wazi tangu saa tisa. Leo usiutoe mkeka, lala mle chumbani uone kama kifua kitakubana, halafu asubuhi uniambie ukweli, uwe wa kunifurahisha au usiwe.

Misumari mitatu na kichwa cha ule wa nne nimekutilia humu bahashani. Sikujua niitupe wapi.

Mimi babako